Kipandauso Changu na Jini Niliyesingiziwa

Mjomba wangu Sefu, Mungu amrehemu, alinunua baiskeli na kuipanda hajui. Alikuwa na minazi huko Tongoni, na msimu ule nazi zilipata bei, basi akaenda mjini asubuhi, jioni tukamuona anarudi anaikokota. Kaikokota njia nzima. Sisi watoto tukamkimbilia, "Mjomba, panda tukuone!" Akasema leo kachoka. Kesho yake akawa na mgongo. Ijumaa akaenda nayo msikitini, kanzu kaikunja mkononi isinaswe na mnyororo, utadhani anapeleka ng'ombe mnadani. Miaka ikapita hivyo. Alikuwa akifunga mikungu ya ndizi nyuma, kapu la mihogo mbele, na mwenyewe pembeni kwa miguu. Wazee wa barazani wakimchokoza: "Shehe Sefu, hicho chombo unakiswaga au kinakuswaga?" Naye anajibu bila kugeuka, "Nimenunua kwa jasho langu. Nikitaka kukibeba kichwani, nitakibeba."

Kazi ya kuipaka mafuta ilikuwa yangu. Nikaifungua goroli, nikairudishia, nikaifungua tena. Shule niliiachia darasa la nne, na sisemi kwamba ilinishinda, ila dirisha la darasa letu lilitazama pale mwalimu alipoegesha baiskeli yake, na mimi ubao sikuuona kabisa. Kwa hiyo mkikuta herufi zimepinda humu ndani, nisameheni. Ringi ninaweza kuinyoosha, herufi sijui.

Ndivyo nilivyokuwa fundi baiskeli, na ndivyo nilivyofika Nguvumali, nikapewa kibanda mbele ya duka la vyakula, na nipo hapo mpaka mvi zimenijaa. Tanga hii, mwanangu, mtu anaweza kukosa kitanda lakini baiskeli anayo. Kazi sikukosa. Na kazi niliyoipenda kuliko zote ni kupiga spoku, zile nyaya zinazoshika ringi. Ringi iliyopinda huinyooshi kwa nyundo. Unaigeuza baiskeli miguu juu, unalizungusha gurudumu, unalitazama linavyopita karibu na breki, spoku hii unaikaza, ile unailegeza, unazungusha tena. Ni kazi ya macho. Macho yakikukimbia huna kazi.

Basi siku hiyo, kaskazi imepamba moto, jua linapiga kwenye spoku mpya zinametameta kama samaki, nikaona upande mmoja wa gurudumu haupo. Sikusema umepinda. Haupo. Nikamwambia mwenye baiskeli, Kombo, muuza samaki rafiki yangu, "Kombo, nani kazing'oa hizi?"

"Kazing'oa zipi?"

"Spoku za upande huu."

Akainama, akatazama, akanitazama mimi. "Fundi, zimo zote. Leo umevuta nini?"

Kabla sijamjibu, pale pasipo na spoku pakaota kitu cha kung'aa, kimekatika meno kama msumeno, kinatetemeka, nikifumba macho kimo humohumo. Kikapanuka, kikaenda zake. Nikasema alhamdulillahi. Nilishukuru mapema. Maumivu yakaja nyuma ya jicho la kushoto, kama mtu kakaza nati, kaona haitoshi, kaenda kuchukua spana ndefu. Nikatapika pale pale mbele ya wateja. Kombo ndiye aliyenipakia kwenye baiskeli yake, nyuma, juu ya kreti la samaki, na ile harufu ya samaki, ee bwana wee, mpaka leo sijamsamehe.

Hicho ndicho kipandauso. Watu wanasema "kichwa tu." Wewe unayesoma hapa na unacho, unajua kwamba si kichwa tu. Ni kulala chumbani mlango umefungwa, mwanga unaopenya chini ya mlango unakuumiza kama kisu, kijiko kikianguka jikoni kwako ni mlipuko. Na kikishapita, siku ya pili unatembea kama umetoka kaburini, maneno mepesi yanakupotea. Nimewahi kumwita mke wangu "pampu."

Mke wangu ni Mwanaidi. Tunakaa Chumbageni, nyumba ndogo yenye ua nyuma, na kwenye ua huo Mwanaidi anatengeneza udi. Ndiyo kazi yake tangu nimuoe. Anapika sukari mpaka inashika rangi, anatia vipande vya udi na sandali, marashi, na mafuta mengine ambayo hata mimi mumewe sijaambiwa majina, kisha anaonja kwa kuchoma kipande kwenye chetezo. Mabibi harusi wanamfuata kutoka Pongwe mpaka Raskazone. Mimi nanuka grisi, yeye ananukia, watu wakituona tumeongozana wanacheka.

Nilikwenda hospitali. Nasema hili mapema kwa sababu kuna watu watasoma hadithi hii kwa kutafuta kisingizio cha kutokwenda. Nendeni. Kichwa kikija ghafla kama radi, hujawahi kukiona cha namna hiyo, au mdomo unapinda, au mkono unakufa ganzi, acha tangawizi yako, kimbia. Mimi nilikaa kwenye benchi la kusubiri tangu asubuhi, juu yangu taa ya mrija inapepesa, inazima, inawaka, na kila ikipepesa jicho linaniruka. Mama mmoja nisiyemjua alikuwa kando yangu na mtoto wake mgonjwa. Akaniangalia, akasogea mwisho wa benchi, akanivulia mtandio wake. "Baba, jifunike uso ulale. Jina lako nani? Wakikuita nitakuitikia mimi." Akaitikia kweli. Wito ulipofika aliitika kwa sauti kubwa "Yupo!" kama mtu kaitwa mgawo wa sukari. Sikumuona tena. Mtandio wake ulinukia sabuni ya mche, na Mungu amjaze.

Daktari alikuwa binti mdogo. Akaniamkia shikamoo, akanipima, akaniuliza mengi. Akasema, "Baba, hiki ni kipandauso. Dawa ya kukiondoa kabisa sina. Nitakupa vya kutuliza, na wewe tafuta kinachokuchokoza."

"Kinachonichokoza ninakijua. Dada yangu Mwanatumu."

Akacheka mpaka akaziba mdomo. Lakini mimi sikutania sana.

Dada Mwanatumu kanitangulia kuzaliwa, na mama yetu alipofariki alijipa mwenyewe cheo cha mama. Anakaa Mabokweni. Aliposikia nimeambiwa hakuna dawa ya kukiondoa, alifika Chumbageni na mkoba kama mtu anayehamia. "Hakuna dawa? Hao wazungu wa vitabuni hawana dawa. Sisi tunazo."

Na kweli alikuwa nazo, na sikuzidharau hata moja. Masika yote nilitibiwa. Alinipaka karafuu zilizosagwa kwenye paji la uso, zikaunguza ngozi mpaka ikachubuka, maumivu ya kichwa yakabaki pale pale na yakapata mwenzake. Alinifunga kilemba, akakikaza mpaka nyusi zikapanda. Hicho kilisaidia kidogo, na hadi leo nikizidiwa najifunga. Alinipeleka kwa mzee wa kuumika, akanikata chale kisogoni, akabandika pembe, damu ikatoka nyeusi, mzee akasema "umeiona taka hiyo?" Nikakaa na nafuu kwa muda, nikajisifu mtaani, kikarudi nikiwa bado najisifu. Nililetewa kombe, aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji, nikanywa. Hilo sitalisema vibaya. Moyo wangu ulitulia, na moyo nao ni kiungo.

Halafu nyungu. Chungu cha majani, mchaichai na mkaratusi na mwarobaini, kinachemka, unafunikwa blanketi nacho. Mwanatumu, ili iwe na nguvu, akawa anatupia kwenye makaa na ubani na udi wa Mwanaidi, ule mzuri kabisa wa maharusi. Humo ndani ya blanketi nilikuwa naona msumeno wangu wa kung'aa, natapika, nalia, na yeye nje anasema, "Vumilia, anatoka!" Nani anatoka, sikuuliza. Nilidhani ni ugonjwa.

Vidonge vya dukani navyo sitavisahau. Kipupwe kilipoingia nilikuwa nameza kama karanga. Ikafika hatua kichwa kinauma kwa kudai kidonge. Yule daktari binti aliponiona tena alinigombeza kweli, akanipunguzia, akasema viwe vya siku za shida tu. Siku zile za kuacha nilikuwa mkali kama mbwa wa bandarini. Mwanaidi alinivumilia. Aliniwekea miguu kwenye beseni la maji moto na kitambaa cha maji baridi usoni, hasemi kitu, anakaa gizani na mimi. Tumeoana miaka mingi na hatukuwahi kunyamaza pamoja kiasi kile.

Ikaja vuli. Mdogo wake Mwanaidi akajifungua huko Pangani, Mwanaidi akaenda kumlea mzazi mpaka arobaini itimie. Nikabaki na Mwanatumu ananipikia. Na wallahi nikapona. Kichwa kikauma siku moja tu, cha kawaida, cha njaa. Nikarudi kibandani, nikapiga spoku, Kombo akasema "karibu duniani." Mwanaidi akarudi. Alikuwa na oda ya harusi imemsubiri, akawasha jiko la ua siku ile ile. Kabla ya magharibi nilikuwa chini, nimekumbatia ndoo.

Mwanatumu akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mke kaondoka, umepona. Mke karudi, umeanguka. Nikuoneshe kwa kidole?"

"Unataka kusema nini, dada?"

"Sisemi mimi. Atasema mwenye kujua."

Mwenye kujua alikuwa mganga wa kike huko kwao, watu wanamwita Bi Mashavu, mama mnene mwenye sauti ya upole sana. Alinishika mkono, akanitazama, akachukua chetezo kinachofuka, akanisogezea puani. Nikageuza uso, nikakisukuma. Akatabasamu kama mtu kapata ufunguo wake. "Umemuona, Mwanatumu? Harufu nzuri haitaki. Huyu ni jini mwanamke. Kampenda ndugu yako, na anamuonea wivu mke wa nyumbani. Mke akijifukiza, jini hasira zinamshika, anampanda ndugu yako kichwani."

Sasa nisikilizeni vizuri. Mimi majini siyakatai. Kitabu kimeyataja, na mimi si mkubwa kuliko Kitabu. Nilikuwa nimeumwa tangu kaskazi hadi vuli, na mtu aliyeumwa hivyo ukimwambia ugonjwa wake ni wa jirani atakwenda kumgongea jirani. Niliamini. Au niseme nilichoka kutoamini.

Masharti ya Bi Mashavu yalikuwa haya. Nichezewe ngoma, niwe kiti cha huyo jini, anipande na kusema kwa mdomo wangu. Chumba kimoja kipakwe chokaa, kiwekwe kitanda cha jini peke yake. Na Mwanaidi nimuache. "Talaka moja tu," akasema kwa ile sauti ya upole, "uitamke mbele ya watu, jini aisikie. Akishatulia, ndani ya eda utamrejea mkeo. Nani atajua?"

Mwanatumu akaja kunieleza tena nyumbani, kwa kunong'ona, kunong'ona kwake kunasikika mpaka barabara ya kumi. Mwanaidi alikuwa jikoni. Akatoka na mwiko mkononi.

"Wifi, ongea tu kwa sauti, mwenye habari ni mimi." Kisha akanigeukia mimi. "Baba Zuhura, talaka yangu ikiwa ndiyo dawa yako, itoe. Nimekuona unavyoumwa, sitakulaumu. Lakini usinipe ya kuazima. Mimi si sahani, nikaazimwe na kurudishwa. Ukinitoa, nimetoka."

Akarudi jikoni. Usiku ule hakupika udi, wala kesho yake. Alianza kukunja nguo zake moja moja, bila haraka, na kila nikipita naona rundo limekua. Binti yetu Zuhura akapiga simu kutoka Raskazone analia, "Baba, unataka kumuacha mama kwa sababu ya kichwa?" Nikamwambia kata simu, sauti yako inaniumiza. Na ilikuwa inaniumiza kweli, sehemu mbili.

Siku ya ngoma ikafika. Mchana, baada ya alasiri. Nilikwenda. Nasema kweli, nilikwenda kwa miguu yangu, na Mwanaidi nilimuacha kakaa kitandani na rundo lake, hakuniuliza ninakwenda wapi. Ua wa Bi Mashavu ulikuwa umejaa wanawake wa Mabokweni, wapiga ngoma watatu, Mwanatumu kavaa kanga mpya. Nikakalishwa kwenye kigoda, nikafunikwa kanga nyekundu kichwani. Ngoma zikaanza polepole. Kichwa kilikuwa kimetulia, nikashangaa, na zile ngoma ziko hapa. Nikajiambia, mbona leo kelele hazinidhuru sana?

Ndipo wakaingiza chetezo chini ya kanga.

Ule msumeno ukaota. Pale pale, kama wakati ule wa spoku, upande wa uso wa Bi Mashavu, aliyeinua ukingo wa kanga kunichungulia, ukapotea, meno yakaanza kung'aa. Na mimi, mtu wa darasa la nne, nikiwa nimefunikwa kanga kama kuku anayeatamia, nikaanza kuzungusha gurudumu langu. Nyungu: moshi. Ijumaa msikitini, chetezo kinapozungushwa: nimetoka mara ngapi nikitapika? Siku ile ya kwanza, asubuhi yake, Mwanaidi alikuwa kanifukiza kanzu ya kwenda nayo harusini. Pangani, arobaini nzima: hakuna aliyewasha jiko la udi Chumbageni. Karudi, kawasha, nimeanguka. Mke si yeye. Moshi.

Hapa nisimame kidogo, niwaeleze tulivyo sasa, maana nikishasimulia la mwisho sitakuwa na hamu ya kuendelea.

Kipandauso bado ninacho. Asikudanganye mtu. Kinakuja, lakini kinakuja kama mgeni, hakiji kama mwenye nyumba. Na kwa nini moshi niliokaa nao miaka yote ukaanza kunidhuru ghafla, hilo sijui. Mwanaidi anapikia udi wake kwenye ua wa Zuhura kule Raskazone, upepo unaupeleka moshi baharini, akimaliza anaoga, anabadili nguo, ndiyo anarudi. Hilo alilipanga mwenyewe, mimi sikuthubutu kumwambia neno. Ijumaa nakaa ukumbi wa nje wa msikiti, wanaojua wananijua. Navaa kofia ya pama kazini, vijana wananiita mzee wa shamba, waache waite. Silali na njaa, na Ramadhani daku silikosi hata kwa kuvutwa mguu. Kikianza kutekenya, nakunywa kahawa chungu kikombe kidogo na tangawizi mbichi iliyopondwa, mapema, kabla hakijashika, kwani kikishashika tumbo halipokei kitu. Kitambaa baridi, miguu ya moto, giza, na kidonge cha daktari siku za shida. Mafuta ya habasoda watu wanayasifu, mimi harufu yake inanigombanisha na tumbo. Wewe jaribu, huenda tumbo lako si langu. Ndiyo maana sikwambii "dawa ni hii." Nakwambia jichunguze wewe, chakula chako, jua lako, harufu zako. Usikubali kuambiwa ni nani kakuroga kabla hujajua ni nini kinakuumiza. Na wale wanaokwambia "kichwa tu," waombee wakipate siku moja. Moja tu, inatosha.

Turudi Mabokweni, nimewaacha na kanga nyekundu.

Ngoma zikanyamaza. Bi Mashavu akainama karibu, sauti kama asali. "Tamka sasa. Sema, Mwanaidi nimekuacha talaka moja. Sema, jini akusikie."

Nikasema, "Toeni hicho chetezo."

Ua mzima ukashangilia. Vigelegele! Mwanatumu akapiga makofi. "Kasema! Jini kasema! Mnamsikia anavyokataa udi?"

"Ni mimi ninayesema, dada. Hamisi. Mtoto wa mama yako."

"Jini wa mahaba ana akili, anajifanya yeye," Bi Mashavu akawaambia watu. "Mwiteni kwa jina lake."

"Muulizeni jini wenu kibanda chake cha baiskeli kiko wapi," nikasema. "Muulizeni mkewe anakaa mtaa gani. Mimi najua. Chumbageni."

Mpiga ngoma mmoja akacheka, akajizuia, akashindwa. Nikaitoa kanga kichwani. Jua likanipiga jichoni kama kofi, msumeno unawaka, upande wa ua siuoni, sijui nimeinukaje. Nikasimama. Mwanatumu akanishika kanzu.

"Hamisi, kaa chini! Ngoma haikatizwi, itakudhuru! Unataka kufa kwa sababu ya mwanamke?"

"Dada, nakupenda. Niachie kanzu."

"Ukitoka hapo," Bi Mashavu akasema, na sasa upole umemtoka, "ukitoka hapo hujatamka, hurudi hapa tena hata ukija unatambaa!"

Nikatapika kidogo pembeni ya kigoda, nikajifuta kwa ile kanga nyekundu, nikaikunja vizuri, nikamkabidhi mkononi. Mlangoni palikuwa na viatu vingi, vya watu wote, na mimi ninaona nusu tu ya dunia, vyangu sikuvitambua wala sikuinama kuvitafuta. Nikapita katikati yao miguu mitupu. Nyuma yangu ngoma zikaanza tena, kwa nguvu, za kuniita. Nikashika njia ya mjini, na kwa Bi Mashavu sijarudi.